Sado, Debe na Gunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kubana Matumizi ya Jikoni Arusha na Moshi

Bei zilizotajwa humu ni za kufanyia hesabu tu. Ukifika sokoni weka bei ya siku hiyo, hesabu yenyewe haibadiliki.

Hela ya chakula inaisha kabla ya tarehe 20. Nianzie wapi?

Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila unachonunua: kitu, kiasi na bei. Usibadilishe chochote kwanza. Baada ya hapo gawa orodha mafungu matatu. La kwanza ni vinavyokaa: mahindi au unga, mchele, maharage, mafuta, sukari, chumvi, sabuni. La pili ni vya wiki: viazi, vitunguu, karoti, ndizi za kupika. La tatu ni vya siku: mchicha, mnafu, nyanya zilizoiva, maziwa.

Fungu la kwanza linunuliwe kwa wingi, la pili sokoni mara moja kwa wiki, la tatu genge la jirani bila kuona aibu. Nyumba nyingi zinafanya kinyume. Zinabeba ndoo nzima ya nyanya kwa sababu siku hiyo zimeshuka, nusu inaozea chini ya meza, huku unga unanunuliwa robo robo kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, mwezi mzima.

Sado moja ni kilo ngapi?

Sado ni kopo la rangi la lita 4, na jina lake limetokana na rangi ya Sadolin. Linapima ujazo, halipimi uzito, ndiyo maana hakuna jibu moja. Likijazwa na kukwanguliwa juu, tegemea hivi: mahindi kama kilo 3, maharage kilo 3.2 hadi 3.4, mchele karibu hapo hapo, viazi kilo 2.5 au pungufu kwa sababu ya nafasi kati ya kiazi na kiazi. Viazi vikubwa vinaacha nafasi nyingi zaidi. Ukinunua kwa sado, vya wastani vinakulipa.

Debe ni lita 20, yaani sado tano. Debe la mahindi lililokwanguliwa lina kilo 15 hivi, na lenye kilemba, yaani lililorundikwa juu ya ukingo, linafika 17 au 18. Kwa hiyo kabla ya kuulizana bei, uliza: "Ni la kilemba au la kukwangua?" Hapo tu kuna tofauti ya kilo mbili hadi tatu.

Tazama kopo lenyewe. Pitisha mkono ndani hadi chini. Kitako kilichobonyezwa kwenda juu, au kopo la plastiki lililopitishwa motoni likanywea, linakula robo kilo na zaidi bila wewe kujua. Ukiwa na mashaka, nunua sado moja, ipime dukani kwenye mizani, gawa bei kwa kilo ulizopata. Ukishaipata namba hiyo unaweza kulinganisha na yeyote.

Ninunue sembe ya dukani au nisagishe mwenyewe?

Kama unakula ugali karibu kila siku, sagisha. Ila fanya hesabu yote, usitazame bei ya mahindi peke yake.

Tuseme mahindi ni shilingi 800 kwa kilo. Gunia la kilo 100 ni 80,000. Usafiri 3,000. Kukoboa na kusaga, tuseme 100 kwa kilo, ni 10,000. Jumla 93,000. Kilo 100 zikikobolewa hutoa takriban kilo 75 za sembe na kilo 22 za pumba, nyingine zinapotea mashineni. Pumba ukiziuza kwa mfuga kuku au mwenye ng'ombe kwa 400, unarudisha 8,800. Inabaki 84,200, ugawe kwa 75: kilo moja ya sembe imekugharimu kama 1,120. Linganisha na bei ya dukani.

Dona ni nafuu zaidi. Hakuna kukoboa, na kilo 100 zinakupa karibu kilo 98 za unga. Kwa bei zile zile, ukilipia kusaga peke yake 60 kwa kilo, unapata kilo kwa 910 hivi. Watoto wakigoma, changanya nusu kwa nusu kwa wiki mbili tatu.

Mambo yanayoharibu hesabu hii mashineni:

Pumba kuachwa. Mashine nyingi huzihesabu ni zao usiposema. Sema kabla hawajawasha.

Kutopima. Pima mahindi yakiingia, pima unga na pumba vikitoka. Upungufu wa kilo mbili tatu ni wa kawaida, wa kilo nane si wa kawaida.

Kufunga unga wa moto. Unga ukitoka mashineni una joto na mvuke. Ukiufunga hapo hapo kwenye kiroba, unatoa jasho, unashikana mabonge na kunuka uvundo. Ufungue nyumbani, uutandaze kwenye turubai safi kivulini hadi upoe kabisa, ndipo uufunge. Hili linahusu zaidi sembe, kwa sababu mahindi hulowanishwa kidogo kabla ya kukobolewa.

Kusaga dona nyingi kwa mara moja. Dona ina kiini chenye mafuta, na mafuta hayo huchacha. Baada ya mwezi unga unakuwa mchungu. Saga ya wiki mbili au tatu, mahindi mengine yabaki punje.

Familia ya watu watano inayopika ugali mara moja kwa siku hutumia karibu kilo moja ya unga. Gunia moja la dona ni miezi mitatu na siku kidogo, la sembe miezi miwili na nusu.

Nikiweka gunia ndani, halitabunguliwa?

Litabunguliwa kama hujaliandaa. Adui mkubwa ni dumuzi, anayejulikana pia kama Scania. Mdudu huyu si wa kwetu, alitoka Amerika ya Kati na kugunduliwa hapa nchini, upande wa Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tangu hapo mahindi yaliyozoea kukaa darini mwaka mzima yanaweza kugeuka vumbi ndani ya miezi michache.

Kwanza ukavu. Weka chumvi kavu kijiko kimoja kikubwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko, ongeza punje hadi theluthi moja, tikisa dakika mbili tatu, iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi: yaanike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Chumvi ikirudi chini yenyewe, yamekauka vya kutosha kuhifadhiwa. Chumvi ya mawe iliyovuta unyevu itakudanganya, ikaushe kwanza kwenye sufuria.

Pili, chekecha. Vumbi, punje zilizovunjika na vipande vya magunzi ndivyo wadudu wanavyoanzia.

Tatu, mfuko wa PICS. Una mifuko miwili ya plastiki ndani na kiroba nje, na hauhitaji dawa yoyote kwa sababu wadudu wanakosa hewa. Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa plastiki kama puto na uubane: ukisikia hewa inatoka, umetoboka. Jaza mfuko wa ndani ukitikisa, kamua hewa, sokota shingo, ikunje, ifunge kwa mpira au kamba kwa nguvu zote. Fanya vivyo hivyo mfuko wa pili, halafu kiroba. Uweke juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na panya. Mwezi wa kwanza usiufungue. Kosa linalorudiwa kila mwaka ni kuufungua kila baada ya siku mbili kuchota sado moja: hewa inaingia na wadudu wanafufuka. Chota ya wiki tatu kwa mkupuo, kamua hewa, funga tena.

Mahindi yenye ukungu usiyale, na usiyapeleke kukobolewa ukidhani yatakuwa salama. Sumukuvu haiondoki kwa kuoshwa wala kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara ndiko yanakotoka mahindi mengi ya soko letu.

Mafuta ya kupima yana ubaya gani? Sina hela ya dumu.

Nunua kipimo chako cha kawaida, tuseme cha shilingi 500, mimina kwenye chupa tupu ya maji ya nusu lita. Hesabu vipimo vingapi vinaijaza. Vikiwa sita, nusu lita ni 3,000, yaani lita unainunua 6,000. Sasa uliza dumu la lita 5 ni kiasi gani, ugawe kwa tano. Tofauti unayoiona ndiyo unayolipa kwa kukosa hela ya mara moja.

Njia ya kutoka ni kupanda ngazi. Toka kipimo kwenda nusu lita, toka hapo lita moja, kisha lita tatu, na kila mara weka ile tofauti pembeni. Baada ya miezi miwili au mitatu dumu la lita 5 linanunuliwa na tofauti hiyo.

Tahadhari mbili. Dumu likiwa jikoni mkono unakuwa mzito. Mimina kwenye chupa ndogo ya wiki, dumu lifungiwe kabatini mbali na mwanga. Pia ukinunua dumu kubwa la alizeti lililokamuliwa mashine za mtaani, uliza kama ni lita au kilo. Lita moja ya mafuta ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo lita 20 zinapaswa kuwa na kilo 18 na nusu kasoro kidogo, bila dumu. Ukiona utando mzito chini, hayajachujwa vizuri na yatachacha mapema.

Maharage ni rahisi ila yanamaliza gesi. Nifanyeje?

Arusha mjini tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, si 100, ndiyo maana maharage yaliyoiva kwa saa moja na nusu Tanga yanakusumbua wewe wa Sakina. Moshi iko chini kidogo, nafuu ipo lakini ndogo.

Loweka usiku kucha, kwa muda wa saa 8 hadi 12, kwenye maji mara tatu ya maharage. Mwaga maji hayo. Pika kwa presha kuka dakika 20 hadi 30 tangu ilipoanza kulia, moto ukiwa mdogo. Kama huna, tumia sufuria nzito yenye mfuniko unaobana, na jiwe juu yake ikibidi. Nyanya na ndimu viingie mwishoni, maana uchachu unafanya ganda ligome kulainika. Magadi yanaharakisha kweli ila yanapunguza vitamini B na kuharibu ladha, basi ncha ya kijiko inatosha.

Pika kilo mbili kwa mara moja. Gawa kwenye vikopo, viingie friza, na kila jioni unaunga fungu moja. Kama huna friji, usipike zaidi ya kesho, na uchemshe asubuhi na jioni.

Dukani kataa maharage ya zamani: rangi imefifia, ganda limekunjamana, ukiuma jino linateleza. Hayo hata uyaloweke siku mbili yatabaki na kokoto katikati. Bei yake huwa ya chini kidogo, na gesi inakula punguzo lote.

Siku gani na saa ngapi nzuri kwenda sokoni?

Tengeru gulio ni Jumatano na Jumamosi. Ukifika asubuhi unachagua, ukifika saa kumi jioni unapatana, maana mama aliyeteremka na mikungu kutoka juu Meru hataki kupanda nayo tena. Kwa ndizi, maparachichi na mboga hiyo ndiyo saa yako. Kwa nafaka saa haina tofauti kubwa. Kilombero kwa Arusha na Mbuyuni kwa Moshi ni za kila siku: nenda mapema pale wachuuzi wa magenge wanaponunulia, na uwe tayari kuchukua ndoo au nusu gunia.

Hesabu nauli. Kwenda Tengeru na kurudi kwa daladala, pamoja na bodaboda ya mzigo kutoka stendi hadi nyumbani, kunaweza kumeza punguzo la sado mbili za viazi. Ukienda nenda na orodha ya wiki mbili, au mwende majirani wawili.

Nyanya masalo, zile zilizobaki zikalainika, zinafaa?

Zinafaa kama zinapikwa siku hiyo hiyo. Zilizopasuka na kulainika chukua, zenye ukungu mweupe au mweusi acha. Osha, kata sehemu mbovu, chemsha bila maji dakika 20, chuja mbegu na maganda, rudisha jikoni hadi rojo liwe zito. Kilo 5 hutoa lita mbili hivi. Gandisha kwenye vifuko vya mlo mmoja mmoja. Kwenye friji ya kawaida ni siku tano, nje ya friji ni kesho tu. Kumwagia mafuta juu ili lidumu hakusaidii, vijidudu vingine vinapenda hapo pasipo hewa.

Vitunguu vinaota, viazi vinakuwa kijani, ndizi zinaiva zote pamoja.

Vitunguu na viazi usiviweke kapu moja, unyevu wa viazi unaozesha vitunguu. Kitunguu cha kuweka ni chenye shingo iliyokauka na kunyauka kabisa: ukibonyeza shingo ikiwa laini, kitumie wiki hii. Vining'inize kwenye wavu palipo na upepo. Vya Mang'ola vikikauka vizuri vinakaa miezi.

Viazi vikae gizani, ndani ya kiroba au boksi. Kilichokuwa kijani kina sumu, kimenye kwa kina sana au kitupe, na usimpe mtoto. Usivioshe kabla ya kuhifadhi.

Mkungu wa ndizi uning'inize, usiulaze. Chane za upande wa shina ndizo zinazokomaa kwanza, anza kukata hapo. Ukitaka mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, chukua ndizi aina ya mshare zikiwa mbichi kabisa. Kumbuka ganda ni zaidi ya theluthi ya uzito wa ndizi mbichi, kwa hiyo ukilinganisha kilo ya ndizi na kilo ya viazi, linganisha kilichomenywa.

Nyama je?

Punguza ukubwa wa fungu, usipunguze siku. Nusu kilo ya mifupa yenye nyama kwenye mtori inatosha watu watano, nusu kilo ya steki ya kukaanga haiwatoshi. Kiburu (ndizi na maharage) na makande havihitaji nyama kabisa, vimewalea watu wa mlima huu.

Dagaa wakavu wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, wakati nyama mbichi ni kama moja ya tano. Lakini chagua waliokaushwa kwenye chanja. Waliokaushwa chini wana mchanga, na mchanga unaulipia kwa kilo: chukua konzi, isugue juu ya karatasi nyeupe, utauona.

Tunataka kununua gunia majirani watano. Tugawane vipi tusigombane?

Hela ikusanywe kabla, si baada. Wawili waende sokoni, si mmoja. Mgawanyo uwe kwa mizani, si kwa sado, na ufanyike wote mkiwepo. Pima gunia zima, toa uzito wa takataka na mawe baada ya kuchekecha, gawa bei yote pamoja na usafiri kwa kilo zilizobaki. Hapo ndipo mnajua kilo imewasimamia shilingi ngapi. Anzeni na maharage au mchele. Vitunguu vije baadaye, maana vya chini ya gunia huwa vimeoza na kila mmoja atadai kapewa vibovu. Msikimbilie rumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi: sheria ya vipimo inakataza kufungasha mazao zaidi ya kilo 100, na gunia lililovimba halikuambii lina kilo ngapi.

Vitu vinapanda lini?

Mahindi yanashuka baada ya mavuno ya masika, Julai hadi Septemba, na yanapanda kuanzia Januari hadi Mei. Nyanya hupanda mvua zikikolea, kwa sababu ya ukungu shambani na barabara kuharibika. Sukari huyumba masika, viwanda vikifungwa kwa matengenezo kwa kuwa miwa haivuniki kwenye tope, na hata kiwanda cha sukari cha TPC kuwa pale pale Moshi hakutuokoi. Mwanzoni mwa 2024 mvua za El Niño zilileta uhaba uliosikika nchi nzima. Mwezi wa Ramadhani, angalia sukari, tambi na magimbi.

Kisha kuna Desemba ya Kilimanjaro. Wachaga wakianza kupanda kutoka Dar, ndizi, nyama, mchele na soda vinapanda nao. Mchele, mafuta na unga wa sikukuu uwe ndani kabla ya Desemba kuanza.

Supamaketi ni nafuu kwa kitu chochote?

Sabuni, karatasi za chooni na tambi mara nyingine, hasa kukiwa na ofa. Soma tarehe ya mwisho ya kutumika. Mboga, hapana.

Nitajuaje mizani ya dukani ni ya kweli?

Nunua maji ya chupa ya lita moja na nusu iliyofungwa, yaweke kwenye mizani. Yanapaswa kusoma kilo 1.5 na gramu chache za chupa. Ikisoma 1.7, kila kilo unayopimiwa hapo ina upungufu wa karibu gramu 100. Tazama pia sindano ikiwa sahani tupu, inatakiwa kusimama sifuri. Mizani ya biashara inakaguliwa kila mwaka na Wakala wa Vipimo na kubandikwa stika yenye mwaka husika.

Na daftari la Mangi? Nakopa nalipa mwisho wa mwezi.

Kukopa kwenyewe si tatizo, tatizo ni kwamba mkopaji haulizi bei. Uwe na daftari lako pia, andika siku hiyo hiyo mbele yake, na ujumlishe kila Jumamosi. Kopa vitu vya fungu la tatu tu, mkate, maziwa, kiberiti. Unga na mafuta vikiingia kwenye daftari, mshahara ukitoka unaenda wote kulipa mwezi uliopita na hela ya gunia haitapatikana. Ukiwa na deni tayari, mwombe Mangi alipwe kwa awamu nne, na wiki ya kwanza ununue hata debe moja la mahindi kwa taslimu.